Maswali ya Wasomaji: Kiashiria Kipi kwa Titresheni Ipi?

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu upimaji wa asidi na besi kwa titresheni, yaani kuongeza myeyusho mmoja kwenye mwingine kidogo kidogo hadi vimalizane, na hasa namna ya kuchagua kiashiria, ile dawa ya rangi inayokuonyesha mahali pa kusimama. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa majibu yanayofuata yanaiegemea.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Katika mazoezi ya maabara tulipewa mililita 25.0 za asidi ethanoiki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, tukaipima kwa sodiamu haidroksaidi ya ukolezi huohuo iliyokuwa kwenye bureti, ule mrija wenye alama za mililita na koki chini. Mimi nilitia methili orenji. Wekundu ulianza kufifia kabla sijatoa hata mililita moja, ukapita kwenye rangi ya machungwa polepole mno, na njano kamili nikaipata karibu na mililita 7.6. Mwenzangu aliyetumia fenofthalini alipata 25.0. Wiki iliyotangulia, tulipopima asidi hidrokloriki, viashiria hivyohivyo viwili vilitupa jibu moja. Je, methili orenji yangu ilikuwa imeharibika? Na kama asidi na besi zikimalizana pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) huwa 7, kwa nini tusitumie bromothimoli bluu, inayogeuka karibu na 7, kwa kila titresheni?

Jibu: Marahaba. Methili orenji yako ni nzima, na bureti uliisoma vizuri. Tatizo liko katika kuoanisha kiashiria na asidi, na ili tulione sawasawa ni lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi husimuliwa darasani kana kwamba ni moja. Kuna nukta ya ulingano, yaani pale ambapo moli za besi zilizoongezwa zimetosha barabara kuzimaliza moli za asidi zilizokuwamo. Hii huamuliwa na kiasi cha kemikali zenyewe, na ingekuwapo hata kama hakuna mtu anayetazama. Kisha kuna nukta ya mwisho, pale ambapo rangi inageuka nawe unafunga koki. Kiashiria hakina habari ya moli zilizobaki wala zilizoongezwa. Kinachokigeuza ni pH peke yake, na kila kiashiria kina eneo lake la pH ambamo hugeukia. Anayechagua kiashiria anatafuta kile kitakachozifanya nukta hizi mbili ziangukie ndani ya tone moja.

Tuanze na asidi hidrokloriki, ambayo ni asidi kali, yaani huachia protoni zake zote ndani ya maji. Tuseme umeweka mililita 25.0 zenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita na unaipima kwa sodiamu haidroksaidi ya ukolezi huo. Ukisimama ukiwa umebakiza tone moja, yaani penye mililita 24.95, asidi kidogo iliyobaki imetawanyika katika karibu mililita 50 za myeyusho, na pH yake ni 4.0. Tone hilo likiingia unafika 7.0, na likifuatwa na jingine pH inapanda hadi 10.0. Matone mawili tu yamevusha pH vipimo sita. Methili orenji inayomaliza kugeuka penye 4.4, bromothimoli bluu yenye eneo la 6.0 hadi 7.6, na fenofthalini inayoanza kuonyesha waridi karibu na 8.3, zote zinageuka ndani ya mruko huo. Ndiyo sababu wiki ile hamkuona tofauti yoyote: mruko ulikuwa mkubwa kiasi cha kusamehe uchaguzi wowote kati ya hivyo vitatu.

Asidi ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, haina msamaha huo. Ni asidi dhaifu, yaani huachia sehemu ndogo tu ya protoni zake; pKa yake (namba inayopima nguvu ya asidi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo asidi ilivyo dhaifu) ni 4.76, na hata kabla ya tone la kwanza pH ya myeyusho wako ni 2.9 hivi, si 1.0 kama ya asidi kali ya ukolezi huo. Besi inapoanza kuingia, sehemu ya asidi inageuka kuwa ioni za ethanoeti, na mchanganyiko wa asidi dhaifu na ioni zake una tabia ya kuizuia pH isibadilike upesi. Kwa hiyo pH inapanda kidogo kidogo, na unapofika nusu ya safari, mililita 12.5, iko 4.76, sawa na pKa yenyewe. Sasa tazama methili orenji inafanya kazi wapi: kati ya 3.1 na 4.4. Asidi hii inafika pH 3.1 baada ya takriban mililita 0.3 tu za besi, na inafika 4.4 baada ya takriban mililita 7.6. Namba uliyoandika kwenye daftari ni sahihi, ila ni jibu la swali ambalo hukukusudia kuliuliza, yaani ni besi kiasi gani inatakiwa ili kuifikisha asidi hii kwenye pH 4.4. Hata ule upole wa mabadiliko ulioueleza, rangi inayosuasua kwa mililita nzima nzima, ni dalili ya kutegemewa kwamba kiashiria kinageukia mahali pasipo na mruko. Ukiiona dalili hiyo siku nyingine, usihangaike kutafuta tone sahihi, badilisha kiashiria.

Mruko wa kweli wa asidi hii uko juu zaidi. Penye mililita 24.95 pH ni 7.5, penye 25.00 ni 8.7, na penye 25.05 ni 10.0. Fenofthalini, ambayo eneo lake ni 8.3 hadi 10.0, imekaa katikati ya mruko huo, na tone moja linatosha kuupaka myeyusho rangi ya waridi.

Hapo utaona pia kwamba dhana ya pH 7 ni ya asidi kali na besi kali tu. Asidi ethanoiki yote inapokuwa imekwisha, kilichobaki kwenye chupa ni chumvi, sodiamu ethanoeti, na ioni zake za ethanoeti huchukua protoni kutoka kwenye maji na kuacha ioni za haidroksaidi. Myeyusho huo ni wa kibesi kidogo, ndiyo maana unapata 8.7. Ukitumia bromothimoli bluu, njano itaanza kugeuka mapema, karibu na mililita 23.6, na mtu anayesimama kwenye kijani cha pH 7 atakuwa ametoa takriban 24.86, pungufu ya karibu matone matatu. Kosa hilo si la kutisha kama lako la mililita 7.6, lakini kwa mtu anayetaka vipimo vyake vikubaliane ndani ya mililita 0.1, linatosha kuharibu kazi.

Swali: Je, ina maana kwamba kwa asidi kali na besi kali mtu anaweza kuokota kiashiria chochote bila kufikiri?

Jibu: Kwa ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, karibu ndiyo. Kadiri myeyusho unavyozimuliwa, ndivyo mruko unavyofupika. Chukua asidi hidrokloriki na sodiamu haidroksaidi zote mbili zikiwa na moli 0.001 kwa lita. Tone moja kabla ya ulingano pH ni 6.0, na tone moja baada yake ni 8.0. Vile vipimo sita vimebaki viwili. Hapo methili orenji itafika njano yake kamili penye takriban mililita 23.1 badala ya 25.0, ilhali kwa miyeyusho ya moli 0.1 ingekosea kwa mililita 0.02 tu, kiasi ambacho bureti ya kawaida haiwezi kukionyesha. Fenofthalini nayo itachelewa. Kwa miyeyusho myepesi namna hiyo, bromothimoli bluu ndiyo ya kutumainiwa.

Swali: Vitabu vinatupa namba, 3.1 hadi 4.4, 8.3 hadi 10.0, na vinatuamuru tuzikariri. Namba hizi zinatoka wapi? Na kwa nini tunakatazwa kutia zaidi ya matone mawili au matatu ya kiashiria, wakati rangi ikikolea ingeonekana vizuri zaidi?

Jibu: Maswali haya mawili yana jibu moja. Watu walijua tangu zamani kwamba rangi za mimea hubadilika zikikutana na asidi au alkali. Robert Boyle aliandika mwaka 1664 jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Maelezo ya kwa nini inakuwa hivyo yalikuja mwishoni mwa karne ya 19, Wilhelm Ostwald alipopendekeza kwamba kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu au besi dhaifu ambayo sura yake yenye protoni ina rangi moja na ile isiyo na protoni ina nyingine. Kipimo cha pH kilibuniwa baadaye, mwaka 1909, na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen.

Ikiwa kiashiria ni asidi dhaifu, basi nacho kina pKa yake. Pale pH inapolingana na pKa hiyo, nusu ya molekuli zake zina rangi ya kwanza na nusu zina ya pili. Jicho la mwanadamu si chombo makini sana: kwa kawaida huona rangi moja tupu pale sura moja inapoizidi nyingine kama mara kumi. Mara kumi ni sawa na kipimo kimoja cha pH, ndipo ikapatikana kanuni ya kwamba eneo la kiashiria huanzia kipimo kimoja chini ya pKa na kuishia kipimo kimoja juu yake.

Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Methili orenji ina pKa ya takriban 3.5, hivyo tungetazamia 2.5 hadi 4.5, lakini eneo linaloandikwa vitabuni ni 3.1 hadi 4.4. Jicho huushika wekundu upesi kuliko unjano, kiasi kwamba penye pH 3.1 zaidi ya robo ya molekuli zimekwisha kuwa njano na mtazamaji bado anaona jekundu. Kwa maneno mengine, namba unazokariri zimechanganya kemia ya kiashiria na uwezo wa macho ya mtu, na ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutofautiana kwa sehemu moja au mbili za kumi bila chochote kati yao kuwa na kosa.

Sasa kuhusu matone. Kwa kuwa kiashiria ni asidi au besi, nacho hula sehemu ya kile unachokipima. Kwa matone mawili kiasi hicho hakihesabiki, kwa matone ishirini kinaanza kuhesabika. Fenofthalini ina sababu ya ziada, nayo ndiyo nzito zaidi. Upande wake mmoja hauna rangi kabisa, kwa hiyo jicho halilinganishi rangi mbili bali linasubiri waridi kiasi fulani kijitokeze. Ukitia fenofthalini nyingi, kiasi hicho kinapatikana mapema, wakati sehemu ndogo tu ya molekuli imegeuka. Ukiiongeza mara kumi, mwanzo wa rangi hushuka kwa karibu kipimo kizima cha pH. Aliyetia matone mawili leo na kumi kesho amebadilisha kiashiria bila kujua.

Msomaji mwingine aliuliza kwa nini karatasi ya litmasi na kiashiria cha jumla havitumiki katika titresheni. Litmasi hugeuka taratibu kati ya 5 na 8 hivi, na kiashiria cha jumla ni mchanganyiko wa viashiria kadhaa uliotengenezwa makusudi ubadilike rangi hatua kwa hatua. Hatua kwa hatua ndicho kitu tusichokitaka hapa.

Swali: Tukigeuza mambo, besi ikawa dhaifu, kwa mfano amonia ikipimwa kwa asidi hidrokloriki, tuchague nini? Na zikiwa dhaifu zote mbili?

Jibu: Kwa amonia picha ni ileile iliyopinduliwa. Penye ulingano umebaki na amoniamu kloraidi, ambayo ioni zake za amoniamu huachia protoni, na kwa miyeyusho ya moli 0.1 kwa lita pH inakuwa 5.3. Tone moja kabla ni 6.5 hivi, tone moja baada ni 4.0. Methili nyekundu, yenye eneo la takriban 4.4 hadi 6.2, inaingia humo vizuri kuliko zote, na methili orenji inafaa pia ukisimama kwenye rangi ya machungwa. Fenofthalini itaanza kufifia karibu na mililita 4 na kumalizikia karibu na 22.5, yaani ni ugonjwa uleule wa barua ya kwanza.

Zikiwa dhaifu zote mbili, jibu langu ni fupi: hakuna kiashiria. Asidi ethanoiki ikipimwa kwa amonia, ulingano uko penye pH 7.0, lakini matone mawili yanayouzunguka yanabadilisha pH kwa chini ya 0.2. Hakuna rangi inayoweza kugeuka wazi katika upenyo huo. Nimewahi kuona mitihani ikimtaka mwanafunzi ataje bromothimoli bluu hapa kwa sababu tu ulingano uko penye 7. Kwa maoni yangu swali la namna hiyo linamfundisha mtu kulinganisha namba na kusahau mruko. Tumia mita ya pH na uchore grafu, au pima jinsi myeyusho unavyopitisha umeme. Lililo rahisi zaidi ni kuepuka hali yenyewe: pima asidi dhaifu kwa besi kali, na besi dhaifu kwa asidi kali.

Swali: Nilipima sodiamu kaboneti kwa asidi hidrokloriki. Fenofthalini ilipoteza rangi penye mililita 12.4; nikaongeza methili orenji humohumo, ikageuka penye 24.9 kuhesabu tangu mwanzo. Nichukue ipi?

Jibu: Zote mbili, maana zinasema mambo mawili tofauti. Kaboneti hupokea protoni mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza inaigeuza kuwa haidrojeni kaboneti, na ulingano wa hatua hiyo uko penye pH 8.3 hivi, pale fenofthalini inapopoteza rangi. Ya pili inaigeuza kuwa maji na kaboni dayoksaidi, na ulingano wake uko karibu na 3.9, katika eneo la methili orenji. Ikiwa unataka jumla ya kaboneti, tumia 24.9 na ukumbuke kwamba kila moli moja ya kaboneti imekula moli mbili za asidi. Mruko wa hatua ya kwanza si mkali, kwa hiyo 12.4 badala ya 12.45 si jambo la kukukosesha usingizi.

Uzuri wa viashiria viwili unaonekana pale chupa isipokuwa na kaboneti tupu. Hatua zako mbili zikilingana, ni kaboneti peke yake. Hatua ya kwanza ikiwa ndefu kuliko ya pili, kuna haidroksaidi pia: tuseme fenofthalini imegeuka penye 18.0 na methili orenji penye 24.0. Hatua ya pili imechukua 6.0, kwa hiyo kaboneti yote ilihitaji 12.0, na 12.0 zilizobaki zilikwenda kwenye haidroksaidi. Hatua ya pili ikiwa ndiyo ndefu, mna haidrojeni kaboneti iliyokuwamo tangu mwanzo. Jambo la vitendo: ukikaribia nukta ya pili, chemsha myeyusho kidogo ili kaboni dayoksaidi itoke, uuache upoe, kisha umalizie. Mgeuko utakuwa mkali zaidi.

Swali: Mimi sitofautishi vizuri nyekundu na kijani, na mgeuko wa methili orenji kwangu ni fumbo. Je, niache somo?

Jibu: Usiache, ndugu yangu. Hata wenye macho yasiyo na shida hubishana kuhusu rangi ile ya machungwa. Ipo methili orenji iliyochanganywa na rangi ya bluu iitwayo zailini sayanoli, ambayo hutoka zambarau, ikapita kwenye kijivu, ikaingia kijani; wengi huona kwamba kijivu, ambacho kinafanana na rangi kupotea, ni rahisi kukitambua. Kwa asidi dhaifu kuna thimolfthalini, isiyo na rangi chini ya pH 9.3 na bluu kamili juu ya 10.5, nayo haikutaki utofautishe nyekundu na kitu chochote. Weka kigae cheupe chini ya chupa, na pembeni uwe na chupa nyingine yenye myeyusho uliokwisha kupita nukta ya mwisho, ulinganishe. Mita ya pH nayo haina upendeleo wa macho.

Swali: Waridi la fenofthalini linatokea, nikigeuka kuandika, limetoweka. Niongeze besi?

Jibu: Kwanza tazama limedumu kwa muda gani. Likitoweka papo hapo unapozungusha chupa, bado hujafika, ongeza tone. Likidumu kama sekunde 30 huku ukizungusha, ndipo likafifia, umefika, na kinacholifuta ni kaboni dayoksaidi ya hewani inayoingia kwenye myeyusho na kuirudisha pH chini ya 8.3. Ukiendelea kuongeza besi ili rangi ikae, utakuwa unaipima hewa. Gesi hiyohiyo huingia pia kwenye chupa ya sodiamu haidroksaidi iliyoachwa wazi, ikageuza sehemu yake kuwa kaboneti, na matokeo yako na fenofthalini yatapotoka hata kama mkono wako hauna kosa. Kwa hiyo ifunge vizuri, na uhakiki ukolezi wake upya kabla ya kuitumia. Rangi ikipotea ndani ya alkali nzito sana, yenye pH ya 13 au zaidi, hiyo ni hali nyingine: ioni za haidroksaidi zenyewe zinajiunga na molekuli ya kiashiria na kuiondolea rangi pole pole. Zimua myeyusho, kisha uanze upya.